Mtumbwi Ulioota Majani

Enzi zetu mtumbwi ulikuwa unaogeshwa kwanza kwa ndani, ndipo uende kuoga ziwani. Wenzangu mliokulia mwambao huu wa Geita mnajua ninachosema. Nyie wa Kishapu na Isaka mliokulia kwenye mikia ya ng'ombe, sogeeni niwaeleze.

Fundi akishapigilia mbao na kuziba nyufa zote kwa pamba, mtumbwi uliachwa palepale bandani juu ya magogo, tukaitwa sisi watoto na madebe yetu na vibuyu. Tunachota maji ziwani, tunamimina ndani, mpaka mtumbwi unajaa kama sufuria ya msibani. Halafu fundi anauzunguka kwa nje na kipande cha mkaa mkononi. Popote palipotoka tone, anachora. Maji yanalala humo, pamba inavimba, nyufa zinajibana zenyewe. Kesho yake maji yanamwagwa, penye alama ya mkaa panazibwa upya, mtumbwi unaachwa ukauke, ndipo unapakwa mafuta. Huko ndiko kuogesha. Mtoto aliyeliona tone la kwanza alipewa kichwa cha sato, na kwa ajili ya kichwa hicho tuligombana hadi kung'atana. Leo mwambie mjukuu wako akachote maji umpe kichwa cha samaki. Atakuuliza mwili wake umekwenda wapi.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini majina sisahau. Nakumbuka Mwalimu Petro aliyetufinya masikio kwa zamu, na nakumbuka jina la mbuzi wetu aliyekula kofia yake, Kabwela. Mitumbwi yote aliyounda baba naijua kwa majina yaliyoandikwa ubavuni: Subira, Nani Kama Mama, Usinicheke, Njaa Haina Adabu. Mbao zake zilishaoza zamani, nyingine zimekuwa mabanda ya kuku. Majina yamebaki kwangu.

Baba yangu, Mzee Bugingo, alikuwa Mzinza wa maji, fundi wa mitumbwi, mwana wa fundi wa mitumbwi. Mama yangu, Minza, alikuwa Msukuma wa Mhunze, nchi ya pamba na vumbi. Aliolewa ziwani akazeekea ziwani, wala hakuwahi kuweka mguu ndani ya mtumbwi hata siku moja. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Kwetu maji yanakaa mtungini, tunayaendea tukiwa na kiu. Haya ya kwenu yamekaa tu, yanamngoja mtu." Lakini mitumbwi yenyewe ilikula pamba ya kwao. Wajomba walipokuja kututembelea walileta michembe, yale matole ya viazi vikavu, kwenye kapu moja na pamba kwenye gunia, na mama ndiye aliyetukalisha chini wasichana wote wa mji ule kuichambua.

Kuchambua pamba kwa mkono, jamani! Unatoa mbegu moja moja, na kila mbegu imejishikilia kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Vidole vinawaka. Mama alitukataza kutazama. "Papasa," alikuwa akisema. "Jicho linadanganywa na weupe, kidole hakidanganyiki. Mbegu moja ukiiacha, umeyafungulia maji mlango mmoja." Ukimaliza fungu lako anafumba macho, analipitisha vidoleni huku anaimbia sufuria ya furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, motoni. Akikuta mbegu, anakurushia usoni. Nilirushiwa nyingi, mpaka vidole vyangu vikapata akili.

Kazi yetu wasichana iliishia hapo. Hata siku ya kumimina maji, mbao hatukuigusa: kuugusa mtumbwi ambao haujaogeshwa, mwiko. Wazee walisema mwanamke akiugusa utavuja mpaka ufe. Sisi tunakaa huku na pamba yetu, wanaume wanakaa kule na nyundo zao, na kati yetu ni mstari wa maranda ya mbao ambao hata kuku jike nilikuwa namwona kama anauogopa. Mimi niliutamani ule upande wa pili kuliko nguo ya Krismasi. Nilijua mlio wa tezo ya baba, lile shoka dogo la kuchongea mbao, kutoka mbali. Tezo ile ilikuwa ya babu, mpini wake umelika mpaka umekaa umbo la kiganja, na baba hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia.

Alikuwa na Masanja tu. Masanja ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi Nyanzobe, dada yake baba. Shangazi alimleta kwetu akiwa na kaptula moja na njaa ya watu watatu, akasema, "Kaka, huyu ndiye mkono wako wa kesho." Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi kufika kwenye chungu tu. Masanja alipenda mpira wa matambara, kuogelea, kuwinda kenge kwa manati. Kushika patasi alionekana kama kashikishwa nyoka. Lakini alikuwa mwanamume, basi. Siku hizo vijana walikuwa wameanza kutuacha, wanafuata habari za dhahabu kule Geita mjini, na baba alishasema mbele yetu sote, "Masanja asipojifunza, banda hili nalifunga. Tezo nitazikwa nayo." Alisema kama mzaha, lakini sahani ya ugali aliisukuma.

Ndipo akaja Mzee Makoye, mvuvi wa kijiji cha jirani, akaagiza mtumbwi mkubwa wa kubebea mihogo na dagaa. Baba aliuunda vizuri sana. Akaziba sehemu ya chini mwenyewe, kisha akamwita Masanja. "Mbavu zote mbili ziba wewe, mimi sitii mkono. Ukifaulu, tezo ni yako." Shangazi Nyanzobe alipiga vigelegele kama harusi imefika.

Asubuhi hiyo Masanja alipiga nyundo kidogo, mara akasikia vijana wanapiga mpira ufukoni. Akanijia nikiwa na kapu langu la pamba.

"Milembe, binamu yangu mzuri."

Nikajua nina shida. Masanja hakuwahi kuniita mzuri bila sababu.

"Nizibie upande wa ziwani," akasema. "Kutoka nyumbani hawakuoni. Mimi upande wa nyumba nitauziba nikirudi."

"Na mwiko?"

"Mwiko upo kwa wanaoonekana."

Wenzangu, mngekuwa nyinyi mngekataa? Mimi sikukataa. Nilivuka ule mstari wa maranda nikainama nyuma ya mtumbwi, upande unaotazama ziwa, nikashika nyundo ya mbao na patasi butu. Nasokota pamba, naipapasa, naisukumiza ufani, nagonga taratibu isisikike. Harufu ya mbao mbichi imenijaa puani. Bata maji wananitazama kama mashahidi. Sijui nilikaa pale muda gani. Najua nilipomaliza jua lilikuwa limehamia mgongoni na kapu langu la pamba safi lilikuwa tupu.

Masanja alirudi akitweta, magoti yote vumbi, akasikia baba anakuja njiani. Pamba safi imekwisha. Lakini gunia la wajomba lilikuwa pale bandani limejaa pamba mbichi, yenye mbegu zake zote. Mnamjua Masanja sasa. Alichota humo kwa mikono miwili akashindilia upande mzima wa nyumba kama mtu anayejaza godoro. Baba alipofika alikuta mbavu zote mbili zimejaa, Masanja anajifuta jasho la mpira, na shangazi anasema, "Mwone mwanangu alivyochoka."

Tukaujaza maji. Kabla baba hajachukua mkaa wake, akafika kijana wa baiskeli na habari ya msiba: mjomba wa mama amefariki kule Mhunze. Baba na mama wakafunga safari siku hiyohiyo. Baba aliacha neno moja tu, "Masanja, kesho mwaga maji."

Kesho yake kulikuwa na mpira. Kesho kutwa mvua ikaanza, na Masanja akasema hakuna haja ya kumwaga maji wakati Mungu anayarudisha. Mtumbwi ukakaa hivyo, umejaa pomoni, pamba imelowa raha mustarehe.

Siku moja nikasikia ukunga. Shangazi Nyanzobe amesimama mbele ya banda, kanga imemdondoka, amenyoosha kidole. Ubavu mzima wa mtumbwi, ule wa upande wa nyumba, kwenye kila ufa, ulikuwa umeota majani. Majani mawili mawili, ya kijani kibichi, yamejipanga mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha.

"Mti umekumbuka msitu!" shangazi analia. "Mti umefufuka!"

Kijiji kizima kilifika. Kuna waliosema mti ule ulikatwa bila kuombwa ruhusa. Kuna waliosema ni wivu wa mafundi wa kisiwani. Watoto tulikuwa tunachungulia na kukimbia, na Masanja alikuwa mbele kuliko wote kukimbia. Mimi niliyatazama yale majani nikaona kitu, lakini nilifunga mdomo. Ningesemaje ubavu ule ulizibwa tofauti bila kusema wa pili ulizibwa na nani? Na Mzee Makoye alikuja pia, mikono mgongoni, akauzunguka mtumbwi wake, akaenda zake. Jioni watu walikuwa wanasema hataupokea. Na mtumbwi wa fundi ukikataliwa mbele ya watu, wenzangu, nani atamwagiza mwingine?

Baba na mama waliporudi walikuta umati, na Mzee Makoye amesharejea.

"Bwana Bugingo," akasema, "mimi nilikuagiza mtumbwi. Huu ni msitu. Nikifika katikati ya ziwa ukaamua kutoa mizizi, nitafanyaje?"

Baba alisogea, akang'oa mche mmoja taratibu, maji yakachuruzika pale ulipotoka, akauweka kiganjani. Ncha ya jani ilikuwa bado imevaa ganda la mbegu, kama kofia. Akaugeuza, akamwita mama.

"Mama Milembe, wewe ni mtu wa nchi kavu. Jani hili unalijua?"

Mama alikuwa bado ana uchovu wa njia na msiba. Akautazama mche, akautazama ubavu wa mtumbwi, kisha akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Hii si pamba? Mbona ya kwetu Mhunze mwaka huu haijaota vizuri hivi!"

Umati ukalipuka. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kushindwa na kicheko. "Nani huchambua pamba hapa? Si hao wasichana? Wameacha mbegu, sasa wanamwaibisha mwanangu!"

Macho yote yakaja kwetu. Na hapo Masanja, aliyekuwa amejificha nyuma ya mama yake, akaona mlango wa kutokea.

"Mjomba, sababu ninaijua!" akapiga kelele. "Milembe aliugusa mtumbwi! Aliuziba kwa mikono yake, nilimwona! Ndiyo maana umeharibika!"

Mama aliacha kucheka. Shangazi akajishika kichwa kwa furaha. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kukimbilia, na mbele yangu palikuwa na ziwa tu.

Baba akauliza polepole, "Aliziba upande gani?"

"Wa ziwani!" Masanja akajibu, kifua mbele. "Wote! Kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mimi sikutia hata kidole!"

Baba akazunguka nyuma ya mtumbwi. Mzee Makoye akamfuata, kisha kila mwenye miguu akafuata. Baba aliweka kiganja kwenye mbao akakipitisha kutoka kichwani hadi mkiani, polepole, kama anavyopapasa mgongo wa ng'ombe anayetaka kumnunua. Hapakuwa na jani. Mtumbwi ulikuwa bado na maji ya mvua tele, na hapakuwa na tone. Akakigeuza kiganja chake tukaona: kikavu.

Mzee Makoye ndiye aliyecheka kwanza. "Bugingo, huyu kijana wako hata kushtaki hajui! Mshitakiwa kamvisha taji!"

"Lakini mwiko, kaka!" shangazi akasema, sauti imekwisha nguvu.

Baba aliutazama mtumbwi, akaitazama tezo yake ukutani, akanitazama mimi. "Miiko ya babu nimeifuata yote," akasema. "Walisema mwanamke akigusa, utavuja. Sasa oneni wenyewe unavuja upande wa nani." Kisha akanipa patasi mbele ya watu. "Milembe, njoo huku upande wa nyumba. Mpalilie binamu yako shamba lake, halafu ulizibe upya."

Nilipalilia. Mama alikaa karibu yangu anachambua pamba, na kila mche nilioung'oa alimrushia Masanja usoni, bila kukosea. Mtumbwi ukaogeshwa tena, ukakauka, ukapakwa mafuta. Mzee Makoye aliuchukua kwa shangwe, na jina alichagua mwenyewe, likaandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe kubwa: SHAMBA LA MASANJA. Ulibeba mizigo miaka mingi katika ziwa hili, na kila ulipotia nanga watu waliuliza kama mavuno ni mazuri.

Tezo sikupewa siku ile. Kwanza ilikuwa patasi, kisha nyundo, kisha randa, na kila mara shangazi alinuna upya. Tezo ilikuja baadaye sana, nilipokuwa nimeshaolewa, na mume wangu siku ya kwanza aliichukua kwenda kuchimbia mihogo. Mungu amlaze pema, alirudi mbio kuliko alivyokwenda.

Masanja yupo. Alikwenda machimboni, akahangaika huku na kule, mwisho akatua Rwamgasa. Sasa ana karasha lake la kusagia mawe na jino la dhahabu, na akicheka anageuza kichwa ili jua limulike. Tukikutana kwenye misiba namwamkia, "Mkulima, mvua huko zinaendaje?" Wajukuu zake hawaelewi babu yao anakasirikia nini.

Lakini sasa, wenzangu, kicheko changu kinafika mahali kinakwama. Zamani mwambao huu ulikuwa na mlio wa tezo toka asubuhi, mabanda kwa mabanda. Leo wavuvi wananunua boti za faiba. Zinakuja zimeshamalizika, laini kama bakuli, hazitaki pamba wala kuogeshwa. Mbao nazo ni adimu. Vijana wetu wamo kwenye maduara, yale mashimo ya machimboni, wanatafuta dhahabu, na sato ambaye kichwa chake tuligombania anapanda gari la barafu hajapoa vizuri. Furu ndio hata kuwaona siwaoni. Nimebaki na banda moja, mtumbwi mmoja wa kukarabati kila baada ya muda, na mjukuu wangu pacha, Doto. Kulwa wake alishachukuliwa na Masanja kwenda Rwamgasa. Doto amemaliza kidato cha nne, anasubiri kitu, mwenyewe hajui ni kitu gani. Masanja amemwita naye aende akaandike magunia ya mawe. Kwa hiyo mnaona. Baba alisema atazikwa na tezo, na mimi nilianza kuwaza labda kaburi la kuizika ni langu.

Doto huyu jamani ana simu. Anachambua pamba huku anatazama simu, anakula anatazama simu, nikimwamsha nakuta simu imeamka kabla yake. Ukimwonyesha jinsi ya kuziba ufa, anasema, "Bibi, rudia, sikuchukua video vizuri." Nimerudia ufa mmoja mpaka mbao yenyewe ikachoka. Eti watu wa mbali wanapenda kunitazama. Mimi nawauliza, wananitazama halafu wanaziba nini?

Majuzi kulikuwa na mtumbwi wa jirani umepasuka ubavu. Nikampa Doto nyundo na patasi, nikampa na fungu la pamba nililolichambua mwenyewe. Ila katikati ya fungu, ndani kabisa, nilificha mbegu moja. Msinihukumu. Nilitaka kujua kama vidole vyake vina akili, kabla sijamruhusu kwenda Rwamgasa.

Akakaa. Simu ameiegemeza kwenye ubavu wa mtumbwi, kuna watu wanacheza humo ndani, na yeye anacheka nao. Mkono unasokota pamba. Mimi nimejifanya napepeta mchele, macho yote kwake. Anasokota, anacheka, anasokota. Nikasema moyoni, Milembe, kwisha habari yako.

Kidole kikasimama. Macho bado yako kwenye simu, hayakutikisika hata kidogo, lakini kile kidole kilirudi nyuma, kikapapasa, kikachimba, kikatoa.

"Bibi," akasema bila kugeuka, "pamba yako ina mbegu. Umezeeka, eh?"

Akanirushia usoni.

Sijui kama mnaelewa jinsi nilivyocheka. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika na kuku wakafanya karamu. Doto akafikiri nimeugua, akaacha simu yake kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, akaja kunishika. Nikamwambia aende ukutani akaishushe tezo ya baba yangu, aone kama inakaa mkononi. Imemkaa. Bado ni kubwa kwake kidogo, lakini imemkaa.

Rwamgasa hajasema haendi. Amesema ataenda mtumbwi huu ukishaogeshwa, maana anataka kuchukua video ya tone la kwanza. Nimemwahidi kichwa cha sato. Kauliza mwili umekwenda wapi.

Enzi zetu tulilitazama ziwa siku nzima, tukajua upepo kwa shavu na samaki kwa rangi ya maji. Hawa wa leo hata mvua wanaitazama kwenye simu wakati inawanyeshea. Macho yao tumeshayapoteza, tusidanganyane. Mbegu ile niliiokota, nikaifukia nyuma ya banda, upande wa ziwani. Imeota. Masanja nimempigia simu nikamwambia shamba lake limefufuka, aje kupalilia.